Wapiga Kafi wa Kanada na Mgomo wa 1794



Wengi wetu tunaujua mtumbwi. Wako wanachama waliozaliwa kando ya ziwa au mto, na wako wanaovua samaki siku ya Jumapili ili wapate kitoweo. Lakini ni wachache waliopata kusikia kwamba ilikuwako nchi ambako mtumbwi ulifanya kazi ya lori na garimoshi, na kwamba watu walioupiga kafi walikuwa vibarua wa mkataba kama walivyo wengi katika mashamba yetu. Nchi hiyo ni Kanada. Mwaka 1794 vibarua hao waligoma. Tunaileta habari yao hapa kwa sababu ina mafunzo kwa kila tawi la chama.

Biashara yenyewe

Katika karne ya 18 watu wenye uwezo huko Ulaya walipenda kuvaa kofia zilizotengenezwa kwa manyoya ya biva, mnyama anayeishi katika mito ya Kanada. Wafanyabiashara wa mji wa Montreal waliunda Kampuni ya North West mwaka 1779. Kampuni ilipeleka bara blanketi, bunduki, masufuria na pombe, ikarudi na ngozi. Barabara hazikuwapo. Palikuwa na misitu, maziwa na mito tu, na maji hayo huganda kuwa barafu miezi mingi ya mwaka. Kwa hiyo mali yote ilipita kwa mtumbwi, tena katika miezi michache ya joto.

Jinsi mtumbwi ulivyoundwa

Mtumbwi huo haukuchongwa katika gogo. Uliundwa kwa gome la mti uitwao birchi. Gome hilo ni jepesi na halipitishi maji. Fundi alitafuta mti mnene usio na vifundo, akalibandua gome kwa mapande makubwa. Alilitandaza chini, akalikunja kuelekea juu na kulishikiza kwa vigingi, na ule upande wa gome uliokuwa ndani ya mti ukawa ndio nje ya mtumbwi. Wanawake walishona mapande hayo kwa mizizi ya mti wa sprusi, iliyopasuliwa na kulowekwa. Ndani zilipangwa mbao nyembamba za mwerezi, na juu yake yakakazwa mataruma ya mwerezi yaliyopindwa kwa maji ya moto. Mwisho mishono ilizibwa kwa utomvu wa sprusi uliochemshwa pamoja na mafuta na unga wa mkaa. Hapakutumika msumari hata mmoja.

Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mtepe wa pwani ya Afrika Mashariki ulishonwa kwa kamba za nazi, na mitumbwi mikubwa ya visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria ilikuwa na mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea.

Ufundi wa mtumbwi wa gome ulikuwa wa wenyeji wa nchi, Waojibwe, Waalgonkini na wengineo, tangu zamani kabla mzungu hajafika. Kampuni haikuvumbua chochote hapo. Iliagiza tu mitumbwi iwe mikubwa zaidi. Ule wa safari ya maziwa makuu ulifika urefu wa mita 11 na kubeba karibu tani 3, na hata hivyo watu 4 waliweza kuuchukua mabegani.

Safari ilivyopangwa

Alexander Mackenzie, mmoja wa wenye hisa katika kampuni, alichapisha kitabu mwaka 1801, na humo ameandika hesabu ya mtumbwi mmoja ulipoondoka Lachine, karibu na Montreal, mwanzoni mwa Mei barafu ilipoyeyuka. Mlikuwa na watu 8 hadi 10 pamoja na vitu vyao, mafurushi 65 ya bidhaa, biskuti kilo zipatazo 300, nyama ya nguruwe kilo zipatazo 100, na njegere. Tena mlikuwa na maturubai 2 ya kufunika mali, tanga, shoka, kamba ya kuvutia mtumbwi, sufuria moja, na sponji ya kunyonya maji yaliyoingia. Mwisho kabisa iliwekwa akiba ya gome, mizizi na utomvu, ili mtumbwi ukipasuka njiani uzibwe papo hapo.

Itazameni hesabu hiyo vizuri. Aliyeipanga alijua kwamba mtumbwi utapasuka. Hakuomba Mungu usipasuke. Alitia dawa ya jeraha kabla ya jeraha.

Kazi ya mpiga kafi

Kutoka Lachine hadi Grand Portage, kwenye Ziwa Superior, safari ilichukua wiki 6 hadi 8. Watu waliamshwa kabla ya mapambazuko na kupiga kafi mpaka jioni. Kila baada ya muda walipumzika kidogo kuvuta kiko, na hata umbali wa ziwa waliuhesabu kwa viko. Walipofika penye maporomoko, mtumbwi na mali yote vilitolewa majini vikabebwa. Furushi moja lilikuwa na uzito wa kilo 40, na desturi ilikuwa kubeba mafurushi mawili kwa mkupuo, kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, kama mama zetu wanavyobeba kuni.

Pale Grand Portage, jina ambalo maana yake ni Ubebaji Mkubwa, njia ya miguu ilikuwa karibu kilomita 14 za vilima. Kila mtu alipaswa kuvusha mafurushi 8, yaani safari 4 za mafurushi mawili mawili. Mackenzie anasema wako walioweza kwenda na mawili na kurudi na mengine mawili kwa saa 6. Yeye aliliandika hilo kwa kusifu. Sisi tunalisoma kwa jicho jingine, maana tunajua maana ya kupimiwa kazi. Watu walipata ngiri, wengine walizama, na kando ya maporomoko ilisimamishwa misalaba ya waliofia hapo.

Posho ilikuwa mahindi yaliyomenywa kwa kuchemshwa na maji ya majivu, karibu lita 1 kwa mtu kwa siku, pamoja na mafuta kidogo. Kampuni iliyapenda mahindi hayo kwa sababu yalikuwa rahisi.

Mshahara, kwa hesabu ya Mackenzie, ulikuwa hivi kwa safari ya kwenda na kurudi: watu wa katikati ya mtumbwi livre 250 hadi 350, mtu wa omo na mtu wa tezi livre 400 hadi 600, na kiongozi wa msafara livre 800 hadi 1,000. Tena kila mtu wa katikati alipewa blanketi 1, shati 1 na suruali 1. Mtumbwi ulikuwa mmoja na hatari ilikuwa moja, lakini waliokaa humo walikuwa wamegawanywa mafungu.

Msomaji atawakumbuka wapagazi wa misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji. Nao walikuwa na mizigo ya kupimwa, na posho, na kirangozi aliyetangulia mbele. Nao pia walijua kuweka mizigo chini na kukataa kuondoka mpaka posho iongezwe.

Mgomo wa Rainy Lake

Mwaka 1794 wapiga kafi waliofika Rainy Lake, kituo kilichokuwa ndani zaidi kupita Grand Portage, walisimamisha kazi. Habari tunaipata katika shajara ya Duncan McGillivray, karani wa kampuni, kwa hiyo tunaisikia kutoka upande wa mwajiri. Anasema kwamba njiani watu wachache waliwakusanya wenzao mara kadhaa na kuwaeleza kwamba kampuni haiwezi kwenda bila wao, basi wakiwa na msimamo watapata hali bora. Hayo ndiyo maneno yanayosemwa katika kila mkutano wa chama mpaka leo, na hapakuwa na chama.

Walidai nyongeza ya mshahara na masharti mengine, wakasema wasipopewa watarudi Montreal. Wakubwa wakawaendea kwa maneno. Baadhi walirudi kazini. Waliobaki na msimamo walikuwa wachache, na hao viongozi wakafukuzwa na kurudishwa Montreal. Mgomo ukaisha.

Kwa nini ulishindwa? Sisi tunaona hivi. Watu hao walikuwa mbali sana na kwao. Posho yote ilikuwa ghalani mwa kampuni, na mitumbwi ilikuwa ya kampuni. Majira ya baridi yalikuwa yanakuja, na barafu haingojei mazungumzo. Mikutano yao njiani ilileta moyo, lakini hatusomi popote kwamba walikuwa na akiba. Mwajiri alikuwa amepanga safari yake mpaka kipande cha gome cha kuzibia tundu. Wafanyakazi nao walikuwa na haki na ujasiri, wakapasukiwa mahali pasipo na utomvu.

Njia hizo leo

Kampuni ya North West iliunganishwa na Kampuni ya Hudson's Bay mwaka 1821. Leo njia ya Grand Portage imo nchini Marekani na imehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Katika maziwa ya mpakani watu walio likizoni husafiri kwa mitumbwi siku nyingi porini. Wengine bado hutumia mitumbwi ya mbao za mwerezi, iliyovikwa turubai mahali pa gome. Nao hupanga: huhesabu mahali pa kubeba, hupima chakula cha kila siku, na huongeza siku za akiba kwa ajili ya upepo. Hubeba mabegani, hutoka jasho, na hufurahi.

Mtu anaweza kucheka akisema hao wanalipa fedha kufanya kazi ya kibarua. Lakini asiseme kazi ni ile ile. Msafiri wa likizo akichoka hupiga kambi. Mzigo ukizidi huupunguza. Mtu anayebeba ndiye aliyepanga, na hiyo ndiyo tofauti kubwa kati yake na mpiga kafi wa 1794.

Maswali kwa matawi

Ndugu zetu, wengi wenu mnalala katika nyumba za shamba na kununua unga katika duka la shamba. Ninyi mko Rainy Lake. Kwa hiyo tunaomba kila tawi lijiulize maswali haya kabla ya kupiga kura ya mgomo:

Kwanza, posho iko mikononi mwa nani, na tuna akiba ya siku ngapi katika mfuko wetu wenyewe?

Pili, watu wetu wa omo na tezi, yaani wanyapara na mafundi wanaolipwa zaidi, wako pamoja nasi au bado hatujakaa nao tukazungumza?

Tatu, viongozi wetu wakifukuzwa asubuhi, nani atashika kafi jioni?

Nne, mwajiri ana haraka gani? Chai ikishachumwa haingojei, na miwa ikishakatwa haingojei. Ni wakati gani muda uko upande wetu?

Tawi lisiloweza kujibu lisivunjike moyo. Lianze sasa na mfuko wa akiba, hata kwa senti chache kila siku ya mshahara, na daftari la kuandika aliyetoa na kiasi alichotoa. Mtumbwi huzibwa nchi kavu, kabla ya kuingia majini.