Nani huamua kinachofundishwa katika vyuo vya ufundi Australia?

Anayejiandikisha kusomea utunzaji wa wazee, ufundi umeme au malezi ya watoto nchini Australia huenda akadhani kwamba mtaala umetungwa na chuo chake. Sivyo. Katika kozi nyingi za ufundi zinazotambuliwa kitaifa, chuo, kiwe TAFE ya serikali au cha binafsi, hufuata viwango vilivyoandaliwa nje ya darasa, kwa kuzisikiliza sekta zenyewe za kazi.

Tangu mwaka 2023, jukumu hilo limekabidhiwa Mabaraza 10 ya Ajira na Ujuzi. Waajiri hushiriki humo pamoja na vyama vya wafanyakazi, na viwango vinavyopendekezwa huidhinishwa na mawaziri wa ujuzi wa serikali kuu na wa majimbo. Sekta ya utunzaji na malezi inahudumiwa na baraza liitwalo HumanAbility.

Mfano ulio karibu na wahamiaji wengi ni cheti cha ngazi ya tatu kwa wahudumu wa wazee na watu wenye ulemavu. Toleo la awali lilikuwa na masomo 13. Toleo lililotolewa mwishoni mwa mwaka 2022, baada ya janga la UVIKO-19 kuzikumba nyumba za wazee, lina masomo 15, na kuzuia maambukizi ni miongoni mwa yale ya lazima. Mwanafunzi hutakiwa pia kufanya mazoezi kazini kwa saa zisizopungua 120. Hapo ndipo nguvu ya mwajiri huonekana zaidi, kwani asipopokea wanafunzi, hakuna atakayehitimu.

Faida yake ni kwamba cheti kilichopatikana Perth kinatambuliwa hata Brisbane. Hata hivyo, mwajiri humtaka mtu wa kuanza kazi leo, ilhali mfanyakazi anahitaji pia ujuzi utakaomfaa akihamia kwingine. Kwa hiyo nafasi ya vyama vya wafanyakazi katika mabaraza hayo si ya mapambo.

Kwa aliyewahi kufanya kazi hiyo Nairobi au Bukavu, viwango hivyo ndivyo mizani. Anaweza kuomba ujuzi wake wa awali utambuliwe, na chuo hulinganisha barua za waajiri wake na utendaji wake na kila somo. Kabla ya kulipa karo, ni vyema kuhakikisha kwamba kozi imo katika orodha ya taifa kwenye tovuti ya training.gov.au, na kuuliza ni nani atakayetafuta mahali pa mazoezi: chuo au mwanafunzi mwenyewe.