Mamlaka ya mahakama kumsaidia mfilisi (Uingereza)

Mamlaka ya mahakama kumsaidia mfilisi ni nguvu walizo nazo majaji wa Uingereza na Welisi za kuhakikisha kwamba mali na madeni ya kampuni inayofungwa yanarudi mikononi mwa mfilisi, ili awalipe wadai. Nyingi zimo katika Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1986, hasa vifungu vya 234 hadi 241.

Mfilisi huingia katika kampuni akiwa mgeni. Hakuwapo bidhaa zilipokopeshwa wala daftari za hesabu zilipoandikwa. Wanaojua mali ilipo ni wakurugenzi, wahasibu na wenye benki, na mara nyingi ndio wasiopenda kusema. Bila mahakama angebaki na funguo za ofisi tupu.

== Kukusanya mali na kuhoji ==

Kifungu cha 234 humwezesha jaji kumwamuru yeyote mwenye mali, vitabu au karatasi za kampuni azikabidhi kwa mfilisi. Mfilisi akichukua kwa makosa mali ya mtu mwingine, huku akiamini kwa sababu za msingi kwamba ana haki ya kuichukua, halipi hasara isipokuwa alikuwa mzembe.

Kifungu cha 236 ndicho kikali zaidi. Mahakama yaweza kumwita ofisa wa kampuni, mtu anayeshukiwa kuwa na mali yake au kuwa na deni kwake, na hata mtu yeyote anayeweza kutoa habari. Asipofika bila sababu ya maana, hati ya kumkamata hutolewa. Akihojiwa na ikaonekana anadaiwa, kifungu cha 237 humruhusu jaji kumwamuru alipe. Wazo hili si jipya: Sheria ya Makampuni ya 1862 ilikuwa tayari na uwezo wa kuwaita watu namna hiyo.

Mfano mashuhuri ulitokea baada ya kifo cha Robert Maxwell, Novemba 1991, ilipogunduliwa kwamba mamia ya mamilioni ya pauni ya mifuko ya pensheni ya wafanyakazi wake hayapo. Kwa wastaafu, hayo yalikuwa malipo ya uzeeni. Kampuni ya Bishopsgate Investment Management ilikuwa imesimamia fedha hizo. Mwanawe Kevin alipodai haki ya kunyamaza asije akajitia hatiani, Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 1992 kwamba haki hiyo haimzuii kuulizwa chini ya sheria hii. (Kevin alishtakiwa kwa jinai, akaachiwa huru mwaka 1996.) Baadaye sheria ilirekebishwa ili majibu ya namna hiyo kwa kawaida yasitumiwe na mwendesha mashtaka dhidi ya aliyeyatoa.

Hata hivyo jaji hatoi amri kwa kuombwa tu. Katika kesi ya British and Commonwealth Holdings ya mwaka 1992, majaji wa Bunge la Malodi walisema mahitaji ya mwombaji yapimwe dhidi ya usumbufu na uonevu kwa anayeitwa.

== Kurudisha kilichotoka ==

Mali iliyotolewa bure au kwa bei ya kutupa katika miaka 2 kabla ya ufilisi yaweza kurudishwa, ikiwa kampuni haikuweza tena kulipa madeni yake. Mdai aliyependelewa hurudisha alichopata ndani ya miezi 6. Akiwa ndugu wa mkurugenzi au mtu wa karibu na kampuni, muda ni miaka 2.

Wakurugenzi nao huguswa mifukoni. Kifungu cha 214, kilichotokana na ripoti ya kamati ya Kenneth Cork ya 1982, kinamhusu aliyeendelea na biashara akijua, au akipaswa kujua, kwamba hakuna njia ya kuepuka ufilisi. Mwaka 1989 wakurugenzi wawili wa kampuni ya kuagiza matunda waliamriwa kuchangia pauni 75,000.

== Afrika Mashariki ==

Sheria ya Makampuni ya Kenya (sura ya 486) ilifuata sheria ya Kiingereza ya 1948, na Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya 2015 imechukua mengi kutoka ile ya 1986.