Hukumu Ikitanguliwa, Je, Mtu Hana Hatia?

Mtu aliyehukumiwa kwa kosa la kuua anapofunguliwa na mahakama ya rufani, swali moja huulizwa Lodwar kama linavyoulizwa Kakuma: Je, aliua au hakuua? Swali hilo ni la haki, lakini mara nyingi maneno ya majaji hayalijibu. Ili jambo hili lifahamike vema, yafaa kuitazama kesi moja ambayo haikuwa ya kuua, lakini iliyowaleta watu wake mpaka nchi hiyo hiyo ya Turkana.

Tarehe 3 Desemba 1952 kesi ya Jomo Kenyatta na wenzake watano, yaani Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Paul Ngei na Achieng Oneko, ilianza Kapenguria mbele ya hakimu Ransley Thacker. Walishitakiwa kwa kuongoza chama cha Mau Mau. Shahidi mkubwa wa serikali, Rawson Macharia, alisema ya kuwa mwezi wa Machi 1950, mahali paitwapo Kiamwange, alimwona Kenyatta akiwalisha watu kiapo. Washitakiwa wakaleta mashahidi waliolikana neno hilo.

Wahenga husema, penye wengi hapaharibiki neno. Lakini tarehe 8 Aprili 1953 hakimu alitamka ya kwamba, ingawa kumwamini Macharia kulikuwa kuwakataa mashahidi kumi wa utetezi, yeye hakusita kufanya hivyo. Wote sita wakapewa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Mwaka huo huo wa 1953 Mahakama Kuu ya Kenya iliitangua hukumu hiyo. Je, walionekana hawana hatia? La. Majaji waliona tu ya kuwa Thacker aliwekwa kuwa hakimu wa Jimbo la Kaskazini, hali Kapenguria ilikuwa katika Jimbo la Bonde la Ufa. Basi hakuwa na mamlaka mahali pale. Hapo suala la nani mkweli na nani mwongo lilibaki kama lilivyokuwa. Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ikairudisha hukumu.

Mwezi wa Januari 1954 Mahakama Kuu iliupima ushahidi wenyewe. Oneko peke yake akashinda, kwa kuwa ushahidi juu yake haukutosha. Hata hivyo hakurudi nyumbani. Serikali ilimweka kizuizini kwa sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1961, mwaka ule ule aliofunguliwa Kenyatta. Aliyeshinda na aliyeshindwa walitoka pamoja.

Kenyatta na wengine walifungwa Lokitaung, kaskazini ya Turkana. Wenzake walivunja mawe katika jua kali, naye kwa sababu ya umri wake akawa mpishi wao.

Ndipo mwaka 1958 Macharia alipoapa kwa maandishi ya kuwa ushahidi wake wa Kapenguria ulikuwa wa uongo, naye alikuwa ameahidiwa masomo Uingereza kuwa malipo. Kweli alikuwa amepelekwa kusoma Exeter. Serikali ikamshitaki, na mwaka 1959 akafungwa, si kwa ushahidi wake wa kwanza, bali kwa kiapo hicho cha pili. Mwaka huo huo kifungo cha Kenyatta kilikwisha, lakini alipelekwa kukaa Lodwar chini ya amri ya kutotoka. Huko alikaa hadi alipohamishwa Maralal mwaka 1961.

Viapo viwili vya Macharia haviwezi kuwa kweli pamoja. Kimoja ni uongo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini njia hii ilimchukulia mtu mwingine miaka mingi ya maisha yake.

Leo kesi ya kuua itokayo Kakuma husikilizwa na Mahakama Kuu iketiyo Lodwar. Hukumu ikitanguliwa, yafaa watu waulize kwanza kwa sababu gani: Je, mahakama ilikosa mamlaka, au ushahidi haukutosha? Sababu ya kwanza haisemi lolote juu ya mtu mwenyewe. Ya pili humrudishia haki yake yote, na jirani hana ruhusa ya kuendelea kumhukumu. Jaji hakuwapo kosa lilipotendeka. Huona kwa macho ya shahidi. Basi ashikaye Biblia au Kurani kizimbani ameshika maisha ya mwenzake.