Rubaya: Sheria ya mita 30 haina wa kuisimamia

Sheria za Kongo hazimruhusu mchimbaji mdogo kushuka chini zaidi ya mita 30. Lakini katika vilima vya Rubaya, wilayani Masisi, nani anapima kina hicho?

Mwishoni mwa Januari 2026, ardhi iliyolainishwa na mvua iliporomoka machimboni humo. Msemaji wa utawala uliowekwa na M23 alisema zaidi ya watu 200 walikufa, wakiwemo wachimbaji, watoto na akina mama wachuuzi. Rubaya hutoa takribani asilimia 15 ya koltani ya dunia, inayochimbwa kwa mikono.

Kuwasimamia wachimbaji hao ni kazi ya SAEMAPE, idara ya serikali. Tangu M23 iuteke mji huo Aprili 2024, Kinshasa haina mamlaka huko.

Katika wilaya jirani ya Walikale, mgodi wa bati wa Bisie nao ulianza kwa mashimo ya mikono; leo kampuni ya Alphamin inauchimba kwa mitambo. Vita vilipokaribia Machi 2025, ilisimamisha kazi na kuwaondoa wafanyakazi. Mchimbaji wa Rubaya hana wa kumwondoa. Akiona ufa juu ya shimo, uamuzi ni wake, na siku asiposhuka hana cha kupeleka nyumbani.