Kwa nini kijana mwenye kisukari hushindwa kufuata ratiba ya chakula

Kijana mwenye kisukari cha aina ya kwanza huishi kwa hesabu. Kongosho lake halitengenezi insulini ya kutosha, hivyo hujidunga kila siku, na kipimo lazima kilingane na ugali, wali, chapati au viazi atakavyokula. Akijidunga kisha asile, sukari hushuka: hutetemeka, hutokwa jasho, na anaweza kuzirai.

Mtoto wa miaka 8 hupakuliwa na mamake. Wa miaka 15 yuko bwenini, na huko kengele ndiyo huamua. Foleni ya githeri ikichelewa, yeye tayari ameshajidunga. Wengine huruka sindano wakiogopa kuchekwa, au hula mandazi ya kantini na wenzao ili wasionekane tofauti. Huo si utundu. Isitoshe, homoni za kubalehe hupunguza nguvu ya insulini, kwa hivyo hata anayefuata maagizo huweza kupatikana na sukari ya juu, akagombezwa. Akishagombezwa mara mbili tatu, huanza kuandika nambari za uongo kwenye daftari.

Wazazi wanaombwa kumweleza mwalimu wa zamu na matroni kabla ya muhula kuanza, na kumpa mtoto glukosi au peremende za mfukoni kwa wakati sukari inaposhuka. Shule nazo zimruhusu kula bila kungoja foleni. Akitapika, akipumua kwa kasi au akilegea, apelekwe hospitalini mara moja, hata usiku wa manane. Insulini isiachwe eti kwa sababu hajala. Kiasi chake kitaamuliwa na daktari.