Dume la siafu hutafuta mchumba kwa harufu

Mvua za masika zikikolea, taa ya kibarazani huvamiwa na wadudu wa kila aina. Miongoni mwao yumo mmoja mnene, wa rangi ya kahawia, mwenye mbawa nne na tumbo refu kama soseji, anayejigonga ukutani kwa kishindo. Wengi humdhani nyigu, wakamponda kwa kandambili. Kumbe ni dume la siafu. Hana mwiba wa kumdunga mtu. Ametoka kutafuta jike, na mwanga umempoteza njia. Zima taa, ataondoka.

Wadudu wengi huitana kwa feromoni, kemikali zilizopewa jina hilo mwaka 1959 na Peter Karlson na Martin Lüscher. Hutengenezwa katika tezi za mwili, hupeperushwa na hewa, kisha wenzao huzinasa kwa vipapasio.

Mchanganyiko wa kemikali hizo nao una maana. Mfano ni chungu wa jamii ya Polyergus wa magharibi mwa Marekani, maarufu kwa kuteka watoto wa chungu wengine na kuwafanya watumwa. Malkia wake mchanga hutoa kemikali mbili kutoka tezi za taya. Watafiti walipoziweka moja moja, madume hawakujali. Zilipochanganywa, walikuja.

Siafu wana taratibu zao. Malkia wao hana mbawa na hukaa ardhini, hivyo hawezi kuruka kwenda kukutana na dume. Wafanyakazi, ambao hawana macho, huacha harufu njiani wanapopita. Dume huifuata harufu hiyo na kushuka kwenye msafara wao. Wafanyakazi humzingira, humng'oa mbawa, kisha humburuta hadi kiotani kwa malkia. Wapo wanasayansi wanaoona kwamba hapo ndipo bwana harusi huchujwa, na wanaochuja ni wafanyakazi.

Malkia hujamiiana na madume zaidi ya kumi, akahifadhi mbegu zao katika kifuko tumboni na kuzitumia kutaga mayai kwa mamilioni. Madume hufa baada ya muda mfupi. Watoto wa baba wengi hutofautiana kinasaba, jambo linalodhaniwa kulisaidia kundi kuhimili magonjwa. Na kwa kuwa malkia haruki, damu ngeni haiingii kundini ila kwa dume aliyeifuata harufu mpaka mwisho.