Kuna Mawimbi Chini ya Ziwa

Dagaa unaowanunua sokoni Manyovu wanatoka Ziwa Tanganyika. Huenda umewahi kushuka Kigoma ukaona mawimbi yakipiga ufukweni. Hayo ni mawimbi ya juu. Yako mengine makubwa zaidi, lakini jicho haliyaoni. Yamo ndani ya maji.

Chukua chupa nyeupe. Tia maji nusu, kisha ongeza mawese. Huku kwetu kuna baridi, kwa hiyo kama yameganda yapashe moto kwanza. Mawese yatakaa juu, maji chini. Sasa inamisha chupa, kisha isimamishe. Tazama mpaka kati ya mawese na maji. Unapanda na kushuka polepole.

Ziwa nalo liko hivyo. Maji ya juu yamepata joto la jua, nayo ni mepesi. Maji ya chini ni ya baridi na mazito. Ziwa lina kina cha mita 1,470 hivi. Chini ya mita 200 hakuna hewa ya kuvutwa na samaki. Lakini huko chini ndiko iliko mbolea, maana kila kilichokufa majini huzama. Ni kama shamba ambalo samadi yake imefukiwa mbali, mizizi ya mahindi haiifikii.

Nani huipandisha? Upepo. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya joto kuja kaskazini. Kule Mpulungu, Zambia, maji ya baridi hupanda na mbolea yake. Upepo ukitulia, maji ya joto hurudi kusini, na huku kaskazini maji ya baridi nayo huinuka. Mpaka huo hupanda na kushuka makumi ya mita. Kwenda na kurudi huchukua kama mwezi mmoja! Mbolea ikifika juu penye jua, mimea midogo sana huota. Wadudu wadogo huila, na dagaa huwala wadudu hao.

Wataalamu waliyapima haya kuanzia miaka ya 1990 wakiwa Kigoma, Bujumbura na Mpulungu. Walishusha majini kamba zenye vipimajoto.

Mwaka 2003 taarifa za wataalamu zilionyesha kuwa ziwa limeongezeka joto. Maji ya juu yakizidi kuwa mepesi, upepo hushindwa kuyachanganya na ya chini. Mbolea hubaki chini, na chakula cha dagaa hupungua. Wataalamu wengine wanasema uvuvi uliozidi ndio sababu kubwa. Mimi naona yote mawili yanamwumiza dagaa yule yule.

Joto la ziwa haliwezi kuzuiwa na kijiji kimoja. Nyavu zinaweza kuzuiwa. Ndiyo sababu mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane na kukua. Miezi hiyo ndiyo upepo wa kusini unapovuma.